Viungo vya baiskeli na viungo vyako: Soma nambari kabla ya kununua kipuri

Ikiwa unaishi Kihoto, mjini Naivasha, huhitaji kuelezwa faida ya baiskeli. Alfajiri, barabara inayolizunguka ziwa kwa upande wa kusini hujaa watu wanaoelekea kwenye mashamba ya maua, wengine kwa miguu, wengine kwa matatu na bodaboda, na wengine wakikanyaga pedali. Baiskeli haiombi petroli wala haipandishi nauli mvua inaponyesha.

Isitoshe, baiskeli ni dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka wa 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa juma. Mtu anayeendesha dakika 20 kwenda kazini na dakika 20 kurudi, siku 5 kwa juma, amekwisha kupata dakika 200. Moyo wake, shinikizo la damu yake na sukari mwilini mwake vyote hunufaika.

Hata hivyo, dawa ikitumiwa vibaya hugeuka sumu. Baiskeli iyo hiyo yaweza kukuvunja mkono, kukung'oa meno au kukuachia maumivu ya goti ya muda mrefu. Aghalabu lawama hutupiwa shimo la barabarani au dereva wa lori, kumbe chanzo ni kipuri kilichofungwa mahali pasipo pake. Juma hili tutajifunza jinsi ya kuchagua vipuri vinavyooana, hasa kwa baiskeli ya kuendeshwa katika njia za changarawe na vumbi kama zetu.

BAISKELI YA CHANGARAWE NI IPI?

Baiskeli ya changarawe ni ndugu wa baiskeli ya mashindano. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume, lakini fremu yake ni imara zaidi, tairi zake ni pana, kwa kawaida kati ya milimita 35 na 50, na gia zake ni nyepesi za kupandia vilima. Hapa Kenya aina hii imepata sifa kupitia mashindano ya Migration Gravel Race, yanayofanyika Maasai Mara tangu mwaka wa 2021.

Wengi wetu hatuna fedha za kununua baiskeli kama hiyo ikiwa mpya. Tunachofanya ni kununua ya mtumba kutoka Ulaya na kuirekebisha, au kuchukua baiskeli ya zamani tuliyo nayo na kuifanya iweze kustahimili changarawe. Hilo si kosa. Tatizo ni kwamba njia zetu zina koo tatu za baiskeli: Black Mamba, ile nzito ya gia moja, baiskeli ya milimani yenye magurudumu ya inchi 26, na hii ya mtumba yenye magurudumu yanayoitwa 700C. Vipuri vya koo zote tatu huweza kulala katika kisanduku kimoja cha fundi. Ukimwambia tu, "Nipe tairi," au "Nipe cheni," atakupa iliyo karibu na mkono wake.

Dawa yake ni moja: soma nambari. Karibu kila kipuri kina kipimo kilichochapwa au kinachoweza kupimwa kwa rula.

TAIRI NA RIMU

Tuanze na kosa linaloweza kukuangusha upesi zaidi. Maneno kama "inchi 26" au "inchi 28" hayatoshi, kwa sababu jina moja hubeba vipimo mbalimbali. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.95, ya baiskeli ya milimani, hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559. Tairi iliyoandikwa 26 x 1 3/8 hukaa kwenye rimu ya milimita 590. Zote huitwa 26, na tofauti yake ni milimita 31!

Hali kadhalika tairi ya Black Mamba, 28 x 1 1/2, ni ya rimu ya milimita 635, ilhali tairi ya 700C ni ya milimita 622. Ukivalisha rimu ya 622 tairi ya 635, itaingia kwa urahisi, na fundi asiyejua atakwambia imekaa vizuri. Siku utakapoijaza upepo sawasawa au kukata kona kwa kasi, tairi itaruka nje ya rimu, tyubu ipasuke kwa kishindo, nawe uwe chini. Kwa upande mwingine, tairi ya inchi 29 na ile ya 700C zote ni za milimita 622, ingawa majina yake ni tofauti.

Basi tazama ubavuni mwa tairi utafute nambari mbili zilizounganishwa kwa kistari, kwa mfano 40-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha mahali inapokaa kwenye rimu. Nambari ya pili ya tairi mpya lazima ilingane kabisa na ya ile ya zamani iliyokuwa ikikaa vizuri. Ya kwanza yaweza kubadilika kidogo, mradi fremu ina nafasi. Acha angalau milimita 6 kila upande kati ya tairi na fremu. Bila nafasi hiyo, jiwe dogo au tope lililoganda laweza kulisimamisha gurudumu la mbele ghafla, ukarushwa juu ya usukani.

Kuhusu upepo, wengi hudhani tairi ngumu kama jiwe ndiyo nzuri. Sivyo katika changarawe. Tairi ngumu hurukaruka, hukosa kushika ardhi na kupeleka mishtuko yote viganjani na mgongoni. Mtu wa kilo 65 mwenye tairi za milimita 40 zenye tyubu aweza kuanza na psi 40 nyuma na 37 mbele, kisha aongeze ikiwa rimu inagonga mawe au ikiwa amebeba mzigo. Usizidishe kamwe kiwango kilichoandikwa kwenye tairi au rimu. Vikitofautiana, fuata kilicho kidogo.

Chunguza pia vali ya tyubu. Vali nene kama ya gari huhitaji tundu la milimita 8 kwenye rimu, na vali nyembamba huhitaji tundu la milimita 6. Vali nyembamba ikiwekwa katika tundu kubwa bila kizibo cha kuibana, huchezacheza hadi tyubu ikatike shinani. Kutoboa rimu ili vali nene ipite ni kuidhoofisha rimu yenyewe.

BREKI

Breki ndizo zinazokurudisha nyumbani salama, lakini ndizo huchanganywa bila hofu. Breki za Black Mamba huvutwa kwa fito za chuma, na vipande vyake vya mpira hubana rimu kwa upande wa ndani unaoelekea katikati ya gurudumu. Breki za waya za baiskeli ya milimani hubana mbavu za rimu, ambazo lazima ziwe bapa. Ukifunga breki za aina ya pili kwenye rimu ya mviringo ya Black Mamba, mpira utagusa kwa ukingo tu. Utaona mambo ni shwari kwenye tambarare, lakini ukiteremka kwa kasi ukiwa na mzigo nyuma, breki hazitakutii.

Kikono cha breki na breki yenyewe pia sharti vioane. Kikono cha usukani uliopinda kwa kawaida huvuta waya kidogo, ilhali breki ndefu za umbo la V huhitaji kuvutiwa waya mwingi. Ukivichanganya, kikono kitagusa usukani kabla breki haijabana sawasawa. Ukifanya kinyume chake, kikono kitakuwa kigumu mkononi na breki itakuwa dhaifu. Dalili ya kutazama ni hii: baada ya kufunga, kaza breki kwa nguvu zako zote. Ikiwa kikono kinafika kwenye usukani, usiiendeshe baiskeli hiyo.

Kwa breki za sahani, pima kipenyo cha sahani (140, 160 na 180 ni vya kawaida, kwa milimita) na utazame inavyofungwa, kwa skrubu 6 au kwa pete moja ya katikati. Ikiwa breki hizo zinatumia mafuta, soma aina iliyoandikwa. Zile za mafuta ya madini hazipokei mafuta ya breki ya DOT, wala zile za DOT hazipokei mafuta ya madini. Mafuta yasiyo yake huharibu mipira ya ndani, na breki huweza kufa siku ambayo hukutarajia.

CHENI, GIA NA GOTI LAKO

Cheni za baiskeli hufanana machoni lakini hazifanani kwa upana. Ile ya gia moja ina upana wa ndani wa inchi 1/8. Za baiskeli zenye gia nyingi ni nyembamba zaidi, na kadiri gia za nyuma zinavyoongezeka ndivyo cheni inavyozidi kuwa nyembamba. Kwa hivyo hesabu vigurudumu vya meno vya nyuma. Vikiwa 8, nunua cheni ya gia 8, na vikiwa 10, ya gia 10. Vikono vya gia na kifaa cha kuhamisha cheni navyo viwe vya ukoo mmoja, kwani kila mtengenezaji ana kipimo chake cha kuvuta waya.

Vumbi la Naivasha, lenye majivu ya volkano ndani yake, hula cheni kama msasa. Pima cheni yako kwa rula ya inchi. Pini ya kwanza ikiwa kwenye sifuri, pini ya 25 inapaswa kuwa inchi 12 kamili. Ikizidi kwa inchi 1/16, badilisha cheni. Ikizidi kwa inchi 1/8, yaelekea meno ya nyuma yameliwa pia, na cheni mpya peke yake itaruka. Cheni inayoruka wakati umesimama juu ya pedali hukuangusha juu ya fremu au usukani, na hapo huumia kinena, tumbo au kidevu.

Uzito wa gia nao ni suala la afya. Gia nzito ikikanyagwa polepole hubana pia ya goti dhidi ya mfupa wa paja, na mtu akifanya hivyo kila siku huanza kusikia maumivu mbele ya goti anaposhuka ngazi au kuchuchumaa. Jipime: hesabu mara ambazo goti la kulia linapanda katika sekunde 15. Ukipata kati ya 18 na 22, uko sawa. Ukipata 12, gia yako ni nzito mno.

Mwenye gia moja hana haja ya kukata tamaa. Kubadilisha kigurudumu cha nyuma cha meno 18 kwa kile cha meno 22 hupunguza nguvu ya kukanyaga kwa karibu asilimia 18, ingawa kasi ya tambarare itapungua, na huenda cheni ikahitaji kuongezwa kiungo. Mwenye gia nyingi na atafute iliyo na meno ya nyuma sawa na ya mbele, kwa mfano 40 kwa 40, ila ahakikishe kwanza kwamba kifaa cha kuhamisha cheni kinaweza kufikia meno mengi hivyo.

KITI, USUKANI NA PEDALI

Nguzo ya kiti huwa na kipimo kilichochapwa, kwa mfano 27.2. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa hapa. Wako wanaoziba nafasi kwa kipande cha mkebe wa bati, na baada ya kilomita chache kiti huteremka au huzunguka. Usivute nguzo ipite alama ya mwisho iliyochorwa, kwani yaweza kuvunjika chini yako.

Kisha weka kimo. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukiweka sasa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, kama inavyotakikana. Kiti cha chini mno huumiza goti kwa mbele, na cha juu mno huliumiza kwa nyuma. Ukipata ganzi kwenye msamba, ncha ya kiti imeelekezwa juu mno au kiti hakikufai. Usiivumilie ganzi hiyo. Ganzi ya kidole cha mwisho na cha pete ni dalili kwamba neva ya kiganjani inabanwa. Punguza upepo wa tairi ya mbele, inua usukani, na badilisha mahali unaposhika.

Usukani nao una kipimo pale unapobanwa katikati: 25.4, 26.0 au 31.8 kwa milimita. Wa 25.4 ukibanwa katika kishikio cha 26.0 utateleza siku utakapouegemea kwa nguvu. Tena, ziba ncha za usukani zilizo wazi. Bomba tupu laweza kudidimia tumboni mtu anapoanguka, likajeruhi ini au wengu bila ngozi kuchanika. Kizibo cha plastiki ni bei ndogo sana kwa kinga hiyo.

Pedali za watu wazima kwa kawaida zina hesi ya inchi 9/16, na za baiskeli nyingi za watoto ni 1/2. Ya kushoto imechapwa L na hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha ile ya kulia iliyochapwa R. Ikikataa kuingia kwa vidole, simama utazame herufi. Ukiilazimisha kwa spana utaharibu mkono wa pedali, nayo itachomoka njiani.

BAISKELI ILIYOINGIWA NA MAJI

Mwaka wa 2020, na tena mwaka wa 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipanda hadi yakaingia katika nyumba za Kihoto. Baiskeli iliyolala ndani ya maji haiponi kwa kutiwa mafuta ya cheni tu. Gololi zilizo ndani ya magurudumu na kati ya pedali hushika kutu, na waya za breki huoza ndani ya mipira yake pasipo kuonekana. Fungua kila sehemu, kausha, paka grisi mpya. Gololi zibadilishwe zote kwa pamoja, za ukubwa ule ule. Kwa kawaida za mbele huwa inchi 3/16 na za nyuma inchi 1/4, lakini mwache fundi apime. Kuchanganya mpya na kuukuu ni kuipa moja mzigo wa zote.

VIFAA VYA ZIADA

Kabla ya kununua keria au madigadi, tazama kama fremu ina vitundu vya kuvifungia, na kama tairi itazunguka bila kugusana na madigadi. Soma uzito ulioandikwa kwenye keria. Nyingi ni za kilo 25, si gunia la viazi wala abiria. Usining'inize mfuko kwenye usukani, kwani unaweza kunaswa na spoki. Kwa safari za alfajiri, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma si pambo.

Kofia ya kinga ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ubane chini ya kidevu. Iliyokwisha kugonga chini katika ajali isivaliwe tena. Mwanabaiskeli Mkenya Sule Kangangi alifariki tarehe 27 Agosti 2022 kwa ajali katika mashindano ya changarawe huko Vermont, Marekani. Tunamtaja kwa heshima, ili tukumbuke kwamba changarawe haimjui bingwa wala mwanafunzi.

Ukianguka, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uulize kituo cha afya kuhusu sindano ya pepopunda. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali mara moja. Vivyo hivyo aliyegongwa tumboni na usukani na maumivu hayaishi, hata kama hana jeraha la kuonekana.

ZOEZI LA JUMAPILI

Chukua daftari na kalamu, utoke nje na baiskeli yako. Andika nambari ya tairi, idadi ya meno ya nyuma na ya mbele, upana au gia ya cheni, kipimo cha nguzo ya kiti, na aina ya breki na vali. Kisha kaza breki kwa nguvu, tikisa magurudumu kando kwa kando, zungusha pedali, na upime cheni kwa rula. Yote hayo hayazidi robo saa.

Karatasi hiyo itunze mfukoni. Utakapokwenda kwa fundi, usimwambie tena, "Nipe tairi." Mwambie, "Nipe arobaini kwa mia sita ishirini na mbili," na akikuletea nyingine, isome mwenyewe kabla ya kulipa. Fundi mwema hatachukizwa. Atafurahi kupata mteja anayejua anachotaka. Tahadhari kabla ya hatari, na rula ya shule ni rahisi kuliko plasta ya mfupa.